Kutembezwa Langkawi

Alhamisi, 28 Septemba

Zulhilmi kapiga simu. Kesho yeye na mkewe wananipitia mapema, tunavuka kwenda kisiwani Langkawi. Kutembea tu! Nikamwambia, mwanangu, na mvua hizi? Akasema ndiyo raha yake, watalii wachache. Sauti laini mno. Sijui.

Nimepika wali wa nazi na dagaa wa pilipili.

Ijumaa, 29 Septemba

Mvua tangu kwenye pantoni. Nadiatul, mkewe Zul, kanifunga mkanda wa gari kwa mkono wake — yeye ambaye siku ya Idi alinisalimia kwa vidole viwili!

Tumeona sanamu ya tai. Tai mkubwa mwekundu, analowa. "Mama, tabasamu!" Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Magari ya kamba ya kupanda mlimani yamefungwa, upepo. Kwenye maporomoko ya maji ngazi zinateleza, nikala wali wangu garini peke yangu. Wao walisimama nje wakibishana chini ya mwavuli mmoja.

Baada ya sala ya Ijumaa Zul akasema tupite kwa rafiki kidogo.

Nyumba ndefu. Barazani wazee, wamepangwa kama viatu mlangoni mwa msikiti. Mama mmoja mnene, wanamwita Dada Senah, akaja mikono wazi.

"Karibu Mama Rokiah! Chumba chako tayari, kile cha dirishani."

Chumba changu!

Nikageuka. Zul alikuwa anafungua buti la gari. Akatoa cherehani yangu. Cherehani yangu, jamani — juzi alikuja kuichukua, eti anaipeleka kwa fundi!

"Hapa utapata wenzako, mama. Kuna darasa la Kurani. Utazoea."

"Nimekukosea nini, Zul?"

Akamtazama mkewe. Nadiatul ndiye aliyejibu.

"Hujakosea, mama. Ila nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Sisi tunahamia humo wiki ijayo."

Nyumba yangu. Marehemu baba yake aliipigilia misumari mwenyewe, ubao kwa ubao. Sikulia. Nisingewapa raha hiyo.

Jioni wakataka kuondoka. Haiwezekani! Maji yamefunika daraja. Zul kapelekwa upande wa wanaume. Nadiatul kapewa mkeka — chumbani kwangu.

Jumamosi, 30 Septemba

Nadiatul kaamka nywele timtim, macho mekundu. Bibi Bedah wa kitanda cha pili, asiyeona vizuri, kamshika mkono.

"Na wewe, mwanangu, nani kakuleta? Usilie. Wanasema watakuja kututazama. Utazoea."

Nadiatul katoka mbio. Nimecheka! Halafu nikaacha, maana Bibi Bedah hakuwa akitania. Anamngoja mwanawe tangu mfungo uliopita.

Saa nne wakasema daraja linapitika. Zul akaenda kuaga. Funguo za gari kaziacha juu ya meza ya chai. Nikazichukua.

Sasa niko garini, kiti cha mbele. Milango nimeifunga kwa ndani. Kuendesha sijui, lakini bila funguo hawaendi popote. Nadiatul kajibanza barazani kati ya wazee. Zul yuko nje mvuani, hana mwavuli, anagonga kioo. Anasema tutazungumza, mama, fungua kwanza.

Zungumza basi. Nakusikia.

Anaangalia barazani, kwa mkewe.

Anagonga tena.