Mota Yangu Itamwondoa Mke Wangu Kwenye Usukani

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu kisha unisaidie, maana jambo hili siwezi kumweleza ndugu wala rafiki, na mtu wa kwanza ambaye ningemweleza ni mke wangu, naye ndiye hasa ninayemficha.

Mimi ni fundi wa kusuka mota, mwaka wa kumi na tisa huu, nilianza na mota za pampu na mashine za kusaga, na sasa niko kwenye karakana ndogo inayotengeneza mota ya kufungwa ndani ya gurudumu la mbele la ndege, ili ndege irudi nyuma na kutembea uwanjani yenyewe, bila kuwasha injini kubwa na bila kusukumwa na trekta, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mke wangu ni dereva wa trekta la kusukuma ndege, mwanamke wa kwanza pale uwanjani kukabidhiwa kazi hiyo, wenzake wanamwita Winchi, kama ile mashine ya kuvutia mizigo mizito, na anaipenda kiasi kwamba hata akiegesha kigari chetu nyumbani hupima kwa macho kama anaegesha ndege ya watu mia mbili. Nilipoingia karakana hii aliniuliza, "Mota za nini safari hii?" nikamjibu, "Za magari ya umeme," na kweli za magari tunatengeneza pia, basi nikauacha uongo hapo, ukaota mizizi.

Mwezi uliopita mota ilijaribiwa uwanjani, mimi nikabaki karakanani, akaenda mhandisi wetu, dada mmoja mchapakazi aliyeichora, ndege ikasogea kidogo ikakwama kwenye mwinuko, mota inanguruma na gurudumu halizunguki, ikabidi liitwe trekta, na jioni mke wangu akarudi akicheka mpaka machozi, akaniambia, "Baba watoto, leo wamekuja watu na kidude chao cha umeme, kimegoma! Nimewakokota kama mbuzi mkaidi!" nami nikacheka naye, mshauri, nikacheka kwa sauti, huku kila waya uliomo ndani ya kile kidude niliupitisha kwa vidole vyangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata wenzangu walipokwenda kula nilibaki na mota mezani, na mota hii haina sumaku wala brashi, ina koili nyingi za waya kuliko mota za kawaida, na nguvu yake ya kuanza kuzungusha mzigo inategemea sana ncha za nyaya zimeunganishwa vipi, basi badala ya kuunga kila ncha na jirani yake kama mchoro unavyosema nikaruka, nikaziunga na za mbali, nikafunga breki ya kupimia nguvu ya mota, nikawasha, na mshale wa kipimo ukapanda karibu mara mbili, nikazima, nikatazama mlangoni, nikarudisha ncha zote zilivyokuwa, nikanawa mikono.

Sasa mkuu wa karakana anamlaumu mhandisi, alimwambia mbele yetu sote, "Miaka miwili, na mota yako haipandi hata kichuguu!" na mwisho wa mwezi kuna kikao cha kuifunga kazi hii na kumwondoa, na juzi mhandisi alikuja kwenye meza yangu akaniuliza, "Kaka, mikono yako inajua kuliko karatasi zangu, nimekosea wapi?" nikamwambia sijui. Mke wangu naye ameambiwa ataanza kufundisha madereva wapya, kafurahi kama bibi harusi. Nikisema, matrekta yatapungua, nikinyamaza, mtu anafukuzwa. Nifanye nini?

Msuka mota

---

Msuka mota,

Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira kuliko ya kwanza. Pole, kwa sababu kumpenda mtu huku mikono yako inasuka kitu kitakachomtoa kazini ni mzigo, na hukuuomba. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema unamlinda mkeo. Mtu anayerudisha nyuma ndege iliyojaa abiria, bawa likipita karibu na ukuta, hafichwi habari kama mtoto anayefichwa sindano. Unacholinda ni utulivu wako wa jioni. Na usijidanganye kwamba ukinyamaza trekta lake limepona. Ulichokigundua wewe kwa muda wa chakula cha mchana, fundi mwingine atakigundua, na siku hiyo mkeo hatakuwa na muda wa kujiandaa. Muda ndicho kitu pekee unachoweza kumpa, nawe unautafuna.

Kuhusu mhandisi sina mengi. Alikuita kaka, akakuuliza, ukasema hujui. Ulijua.

Sasa sikiliza. Siku hii hii unayosoma haya, mkeo akishavua viatu vya kazi na kuketi, anza na uongo wako kabla ya mota: "Nilikudanganya kuhusu kazi yangu." Mweleze yote, hata kile kicheko. Usimwombe ruhusa ya kusema kazini. Akikujibu, "Nyamaza," mmekuwa wakosaji wawili. Akikujibu, "Sema," amejifukuza kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Mwambie tu kwamba kesho utasema. Akikasirika, ana haki. Akihamia chumba cha watoto, mpelekee shuka, usimfuate na maelezo.

Kesho wahi karakanani. Mwite mhandisi peke yake, unga ncha kama ulivyoziunga siku ile, mbele ya macho yake, aone mshale ukipanda, halafu mwambie ulifanya hivyo lini na kwa nini ulinyamaza. Akiipeleka habari nzima kwa mkuu, usimlaumu. Hata ukifukuzwa, fundi wa miaka kumi na tisa kazini hakosi mota ya kusuka.

Limebaki moja. Ninyi wa karakana mnajua nyaya. Hamjui ndege inavyoteleza kwenye mvua wala inavyopinda penye nafasi finyu, na mlikwama kwenye mwinuko ambao mkeo anaupita kila siku. Siahidi kwamba karakana yenu itampa kazi. Kazi za watu sizigawi mimi. Lakini hasira zake zikishatulia, siyo kabla, muulize mota yenu inahitaji kujua nini kuhusu uwanja ule. Muulize kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake, kisha chukua kalamu uandike atakachosema.