Shati Lililoshonewa Mlangoni

Jumatatu, 6 Machi 1995
Makina, Kibera, tena, saa tatu, kwa ajili ya makala ya gazeti. Wiki ya pili kwenye darasa la ushonaji la wajane. Mwalimu, Bi Halima, Mnubi, naye amefiwa na mume, yuko edani na hatoki. Kwa hiyo vyerehani vimeletwa nyumbani kwake. Wanafunzi saba wako ndani. Wa nane, Atieno wa kijiji cha Soweto, hapa hapa Kibera, amekaa nje chini ya upenu na cherehani chake. Kwao Waluo, mjane ambaye hajatakaswa kwa kurithiwa na ndugu wa mumewe haingii nyumba ya watu.

"Ingia, mwanangu," Bi Halima alimwambia.

"Mathe, siingii. Mjukuu wako akikohoa kesho, nitaambiwa ni mimi."

Jumanne, 7 Machi
Ijumaa mtihani: shati la mvulana wa shule. Karakana ya Kawangware inataka mshonaji mmoja tu. Atieno alikuwa akifua nguo majumbani mwa watu. Tangu mazishi ya mumewe, basi: haingii nyumba hizo. Watoto watatu.

Mchana shemeji yake alikuja. Alimtaka arudi nyumbani, arithiwe, ndipo aingie anakotaka.

"Shemeji, ngoja nimalize kola."

Alingoja saa nzima, akaenda zake.

Jumatano, 8 Machi
Mvua. Shati la Atieno limeharibika: linafungwa upande wa kike, kama blauzi. Siku zote ameketi akitazamana na mwalimu, akiiga mikono yake kama kwenye kioo. Kulia kwa Bi Halima kukawa kushoto kwake.

"Huyo boy atachekwa paredi nzima," Wambui alisema. Wote walicheka. Mimi pia. Aibu yangu.

Atieno alichukua wembe, akaanza kufumua.

Alhamisi, 9 Machi
Bi Halima amegeuza kiti na kuupa mlango mgongo. Atieno anasimama kizingitini, anatazama juu ya bega lake, kisha anarudi kushona. Shati la kwanza bovu. La pili sawa.

Mhariri anataka machozi kwenye makala. Sina ya kumpa.

Ijumaa, 10 Machi
Msimamizi wa Kawangware alikagua mashati, upande wa ndani kwanza. Akachagua la Atieno. Atieno aliuliza jambo moja: karakana ni nyumba ya mtu?

"Ni banda, mama. Hakuna anayelala humo."

Jumatatu, 13 Machi
Kawangware. Atieno alifika kwa miguu kabla mlango haujafunguliwa. Ulipofunguliwa aliingia, akaketi, akatunga uzi. Sikumsumbua kwa maswali.