Fausto Kasema Pikipiki Yangu ni Yake

Lore, mwenzangu, siamini. Siamini kabisa.

Leo nimempakia Fausto hadi ule mkahawa wa mlimani wanakokutana waendesha pikipiki kila Jumapili. Mimi mbele, mume wangu nyuma kanishika kiuno. Nikaingia chooni mara moja tu.

Natoka, nakuta wanaume wameizunguka pikipiki yangu. Si unajua za aina yake zilizobaki duniani zinahesabika? Mzee mmoja anauliza, "Bwana, nani kaifufua injini hii?"

Fausto akajibu, "Mimi mwenyewe. Imenilia majira mawili ya baridi."

Mimi mwenyewe! Fausto, asiyejua hata kubadilisha plagi!

Nikamwambia, "Hebu waambie ukweli." Akacheka. "Huyu mke wangu. Huwa namwachia aizungushe kidogo." Wakacheka wote, Lore. Wote! Na yule mzee akaniambia, "Una bahati, mama, mume mkarimu huyu."

Nikavaa helmeti, nikaiwasha. Fausto akanijia mbio. "Ornella, usiniaibishe mbele ya watu!"

Nikamwacha palepale.

Sasa hivi karudi, kapewa lifti. Nilidhani ataomba radhi. Kakaa jikoni, kaniambia, "Wewe kila mahali watu wanakutazama. Mimi je? Ungeniachia hicho kidogo tu."

Hicho kidogo!

Lore, majira yale mawili nikiwa gereji, vidole vimechubuka, alikuwa akiniletea kahawa, kisha anasimama mlangoni ananitazama.

Nami nikidhani ni mapenzi.