Mkate, Mlaji na Uso Wangu

Jumamosi, 4 Oktoba

Germantown tena, kikao cha tatu na Bibi Zarina, Mgujarati wa Unguja ninayerekodi lugha yake kwa utafiti wangu. Basi lilichelewa. Chai, kachori, kisha kazi.

Niliandike dai langu wazi, nisije nikalisahau kwa uchovu. Katika lugha ya kale ya India kitenzi kilimfuata mtenda. Baadaye wakati uliopita ukaundwa upya kutokana na umbo lenye maana ya "kilichotendwa", na hadi leo Kigujarati humwacha mtenda na kukifuata kitu. Ukisema mwanamume alikula mkate, kitenzi huvaa jinsia ya mkate, kwani huko hata vitu vina jinsia. Kibengali kilikwisha kurudi kwa mtenda. Nadai kwamba Kigujarati cha Unguja, baada ya vizazi kadhaa kando ya Kiswahili, nacho kinarudi.

Sentensi za Bibi leo zimemfuata mlaji. Zote. Nina furaha isiyo na staha.

Jumatano, 8 Oktoba

Profesa ametangaza: tarehe 24 tutawasilisha wawili, mimi na Rohan, mwanafunzi mwenzangu. Nafasi ya utafiti ya mwaka ujao ni moja. Nikiikosa, narudi Morogoro na shahada na maelezo marefu.

Rohan amezaliwa New Jersey, Kigujarati amekinyonya. Mimi nimekipata darasani. Leo ameniuliza, akitabasamu, "Bado unakwenda kwa yule bibi wa Zanzibar?" Nikamuuliza amemjuaje. "Nani asiyemjua?"

Jibu hilo sikulipenda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikao cha nne. Kila sentensi kwa mlaji, hakuna kusita. Nilipaswa kushangilia. Badala yake nimefungua daftari la kikao cha kwanza.

Katika kikao cha kwanza Bibi alikifuata kitu karibu kila mara. Kwa mlaji aliteleza mara moja tu. Sasa hatelezi kabisa. Lugha ya watu haiko hivyo. Watu huchanganya, hujirekebisha, husahau walikoanzia. Nyumba isiyo na chembe ya vumbi imefagiliwa kwa ajili ya mtu.

Nani amemfundisha?

Jumanne, 14 Oktoba

Rohan. Ana lugha, ana sababu. Akimzoesha Bibi maumbo ya uongo, nitasimama mbele ya jopo na jengo la karatasi, naye atalisukuma kwa swali moja la upole. Leo nilipopita nyuma yake maktabani alifunika kompyuta yake. Mtu asiye na la kuficha hafuniki.

Simpendi. Nimeliandika, basi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mezani kwa Bibi palikuwa na boksi la mithai, vile vitamu vya Kihindi. Nikauliza limetoka wapi.

"Kaniletea Rohan. Kijana mzuri, lakini ana njaa ya kudumu, masikini."

"Mnazungumza nini, Bibi?"

"Mapishi. Kwani kijana mwenye njaa huzungumza nini?"

Sikuamini. Kikao kilikwenda safi, safi kupita kiasi.

Nasim, mkwewe, ni muuguzi, Mgujarati wa Mombasa. Alinipeleka kituoni kwa gari. Tulipofika hakufungua mlango.

"Dada, nikwambie kitu, usinikasirikie? Mama haongei vile."

"Vipi?"

"Vile anavyoongea nawe. Ukiingia tu, abadili. Sisi twacheka jikoni. Juzi mume wangu kamuuliza, 'Mama, leo umekuwa nani?' Akafukuzwa na mwiko."

Nilimwomba anirudishe. Bibi alikuwa bado anaondoa vikombe. Nilimuuliza bila kuzunguka: ni Rohan aliyemwambia aseme hivyo? Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Rohan anajua nini? Siku ile ya kwanza nilikosea, ulimi ulikuwa umechoka. Uso wako ukang'aa kama taa. Nikasema, alaa, kumbe hiki ndicho anachokipenda mjukuu wangu. Mgeni atoke Tanzania, apande mabasi mawili, mie nimnyime?"

Alinifungia kachori za njiani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimesikiliza kikao cha kwanza. Sentensi inayomfuata mlaji, kisha sauti yangu: "Safi sana, Bibi!" Juu, kama mtu aliyefunga goli. Kuanzia kikao cha pili anaitafuta furaha yangu, sentensi kwa sentensi. Wiki zote hizi nimekuwa nikirekodi kibali changu mwenyewe.

Profesa ameandika kwamba jedwali la sentensi za Bibi nililomtumia ni la kupendeza. Hakuna atakayejua. Nasim hatahudhuria.

Hasira yangu kwa Rohan haijapungua. Haina tena mahali pa kukaa, lakini ipo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimewasilisha. Jedwali sikulionyesha. Niliwasikilizisha rekodi ya kwanza hadi kwenye sauti yangu, nikaeleza kilichofuata. Dai bado ni dai, ushahidi sina. Kalamu ya Profesa ilisimama. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakohoa.

Nafasi amepewa Rohan. Kazi yake ni nzuri, inaniuma kuikubali. Mlangoni aliniambia kwamba kila alipokwenda Germantown Bibi alimuuliza swali lilelile: "Yule binti wa Morogoro anaridhika?" Hakujua kwa nini anaulizwa. Alijibu ndiyo.

Nilimpa mkono. Sikumwomba radhi. Nilipaswa.

Jumapili, 2 Novemba

Germantown, bila kinasa sauti.

Bibi aliuliza kama nilishinda. Nikasema hapana. Akasukuma kikombe chake kando: "Nilikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea popote. Hakuamini. Alianza sentensi ya Kigujarati kumwelekea Nasim, akaikatisha katikati, akanitazama, akaimalizia kwa Kiswahili. Baadaye akafanya hivyo tena. Nasim aliinamia sahani yake.

"Sema upendavyo, Bibi."

"Ah, mwanangu. Hata sijui tena kipi changu."

Nilibeba vyombo jikoni, nikaanza kuosha, mgongo wangu ukiwaelekea. Dirisha la sinki linatazama ukuta wa jirani. Nyuma yangu vijiko tu kwenye sahani. Kisha Nasim akasema kitu kuhusu chumvi. Bibi akamjibu. Nasim akabisha. Bibi akapandisha sauti, Kigujarati cha kasi, akimkata katikati ya neno.

Vyombo vilikuwa vimekwisha. Niliyaacha maji yatiririke, wasijue nimemaliza. Sikugeuka.