Jezi ya Mjomba Alcide Yakataa Kustaafu

Pointe Sorrel,
Louisiana.
Jumapili, 12 Oktoba 2014.

Mpendwa Dada Verlie,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. U hali gani huko Japani, na wenzako wa melini wazima? Sisi hatujambo. Goti la Bibi Ozelle limepoa, na ameanza tena kugombana na redio.

Ijumaa shule ilikuwa istaafishe jezi ya Mjomba Alcide, namba hamsini na sita. Unaijua desturi yetu: anayeivaa huivua uwanjani wakati wa mapumziko, humkabidhi shujaa mwenyewe, kisha hufungiwa kwenye sanduku la kioo isivaliwe tena milele. Sasa anayeivaa ni kaka yetu Ferris.

Ameihangaikia jezi ile tangu alipoingia timuni. Wiki nzima alikuwa hali chakula vizuri, hata gambo ya Bibi, ule mchuzi wake mzito wa kamba na bamia, aliiacha. Alituapisha tusimwambie Mjomba, ambaye hajawahi kumwona akicheza, kwamba jezi anaivaa yeye na hataki kuiacha, asije akadhani ananyimwa heshima yake.

Mimi niliombwa kuandika historia ya Mjomba. Nashukuru kwamba aliyeisoma kwenye kipaza sauti alikuwa mwalimu mkuu, maana mimi ningezimia. Niliandika kwamba siku timu za ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani zilipogawana wachezaji wapya, alichaguliwa karibu wa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuondoka ukumbini. Kwamba alicheza ulinzi misimu kumi na mmoja, na warusha mpira wa timu pinzani wakamwita Ukuta. Na kwamba vidole vyake vilivyopinda havikuwahi kumzuia kurudi uwanjani.

"Ukuta gani?" Bibi akapaza sauti jukwaani. "Huyo anamkimbia jogoo wangu!"

Watu walicheka, lakini Ferris hakucheka. Alivua jezi, akamnyooshea Mjomba huku akitazama nyasi. Mjomba aliigeuza, akagusa matope, akamtazama usoni.

"Kumbe ni wewe! Mbona hukuniambia, mjomba?"

Mjomba akachukua kipaza sauti.

"Jamani, hii bado ina matope mabichi. Aliyestaafu ni mimi. Jezi iacheni ifanye kazi."

"Na kioo tumeshakinunua!" mwalimu mkuu akalalamika.

"Wekeni viatu vyake!" Bibi akajibu. "Vinanuka kabatini mwangu tangu amalize shule!"

Dada, uwanja mzima ulisimama. Mjomba alimvisha Ferris kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia, "Ukiangushwa nayo, inuka nayo."

Kipindi cha pili Ferris alimwangusha mrusha mpira wao mara mbili. Tulishindwa hata hivyo, lakini ungemwona mezani ungedhani tumechukua kombe. Alikula gambo bakuli tatu. Mpaka leo Mama anamsihi aivue jezi ifuliwe, naye anasema bado kidogo.

Mama, Bibi na Mjomba wanakusalimu sana. Nisalimie rafiki yako Marisol. Mungu akutulizie bahari na akurudishe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kusema,
Odile