Kihenge Chako cha Ulezi, Lurujo

Mama,

Nimekifunua kihenge chako hapa Lurujo. Usinigombeze, ngoja kwanza nikueleze.

Tangu tukuzike misimu miwili imepita, na mimi binti yako nilikuwa nakizunguka tu. Ulezi uliomo uliuvuna kwa mikono yako. Nilijiambia, ukiliwa ukaisha, basi Mama naye amekwisha kweli. Niite mjinga.

Juzi Kaka Ramadhani akaja likizo kutoka kambi ya jeshi Arua, na mabati ya kujengea stoo. "Hii kitu ya zamani iko inaoza. Kesho navunja." Nilimfokea mpaka kuku wakatawanyika. Lakini alisema kweli, Mama. Nyasi za kofia, lile paa lake la kuinuliwa, zilikuwa zimelegea, mchwa wameshapanda kwenye mawe yanayokibeba. Kila mwaka tukikanda udongo na mavi ya ng'ombe ili tukikandike, ulikuwa unasema, "Kihenge iko hai kwa kujaa na kuisha. Ukiacha tu, inakufa." Nilisikia, sikusikiliza.

Basi leo asubuhi nikamwambia Kaka ainue kofia kwa mti wenye panda, nikaingia kwa juu, kama ulivyokuwa ukinishusha nikiwa mdogo. Mwanga ulipenya kule shingoni kwenye fito, pale ulipokataa kukandika ili kipumue. Vumbi lilikuwa linaelea polepole. Harufu ya majivu, ya moshi, yako. Nikakaa. Sijui nilikaa muda gani. Nje nikakusikia unapepeta huku unaimba kwa pua, wallahi nilikusikia, na sikuitika nisije nikakunyamazisha.

Chini ya majivu uliyoumwagia kuzuia wadudu, ulezi ulikuwa mkavu, bila mdudu hata mmoja. Nikampa Kaka kibuyu kimoja cha ulezi. Akautia mdomoni mbichi, akatafuna, akalia. Mwanajeshi mzima! Mabati yake sasa ataezekea jiko.

Mbegu nimeitenga. Kwaheri, Mama yangu, Mungu akulaze pema. Nakuahidi kila mwaka nitakikandika, nitakijaza mpaka shingoni, nitakimaliza mpaka chini, na kofia nitaisuka mwenyewe hata ikienda upande.

Jioni hii nimesaga na kupika uji. Nikampa kwanza mwanangu, yule uliyemwacha tumboni mwangu, ambaye hukuwahi kumshika. Amekunywa wote, Mama. Kisha akanisogezea bakuli, anataka tena.