Fomu Isiyovuka Peke Yake

Evere, Brussels, 14 Novemba 2006

Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na maman na wote wa nyumbani Likasi. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku haina adabu. Najua ni Graciella anayekusomea. Dada, asante, na tafadhali usiruke hata mstari mmoja.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda mtaa wa Matonge kunyolewa kwa tonton Bertin, kinyozi wetu Wakongo wa huku. Aliniketisha mbele ya wote waliokuwa wakingoja, akisema docteur hapangi foleni. Nikamwambia bado sijatetea tasnifu. Akajibu kwamba, bon, mwanamke mwenye mimba ya miezi nane naye huitwa maman. Watu walicheka, mimi nikatazama chini.

Kwenye kiti kile nilikukumbuka sana, Papa. Nilikumbuka ukuta wa nyuma ya jikoni ulioupaka unga mweusi wa betri za redio, ukawa ubao wetu. Kila jioni, kabla ya kula bukari, sharti tukuoneshe hesabu moja. Tukileta kanuni kubwa hukuitazama. Ulitaka tuijaribu kwanza kwa namba ndogo kabisa, tena kwa mkono. Graciella alilia njaa, nami nilinung'unika kwamba watoto wa jirani wameshakula. Leo ningetoa chochote nirudi pale nikanung'unike tena.

Mwezi wa tano uliniomba nikueleze ninachosoma. Nilikuandikia kwamba kuna nchi mbili za hesabu. Moja ni ya fomu za moduli, kanuni ambazo hata ukizigeuzageuza zinabaki na sura yake. Nyingine inaitwa homotopia imara, nayo inahesabu njia za kuviringisha tufe juu ya tufe jingine, katika vipimo ambavyo jicho halivioni. Ajabu ni kwamba kati yao kuna daraja, na kazi yangu ni kuonesha nini kinavuka. Nilijisifu kwamba fomu moja, iitwayo delta, imevuka, na juu yake nimejenga kurasa sitini.

Ulijibu kwa mistari mitatu, kwa mwandiko wa Graciella. Ulisema hukuelewa hata nusu, lakini je, mutoto, hiyo delta yenyewe uliijaribu kwa mkono?

Nilikasirika, nikuambie kweli. Nilijisemea mwalimu wa sekondari atajua nini. Kisha nikakaa wiki nzima na karatasi. Papa, haivuki. Delta peke yake haivuki mpaka uizidishe mara ishirini na nne. Ni jambo ambalo watu wa fani yetu wanalijua, nami nililipita kwa haraka zangu. Zile kurasa sitini nimeziandika upya, na sasa zinasimama.

Bon, sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Nilipompelekea profesa masahihisho, aliuliza nani aliyeliona kosa. Nikasema ni mimi. Akanisifu mbele ya wenzangu, kwamba mtu anayejikagua namna hii ni adimu, na kwa sifa hiyo akaniombea kazi ya usaidizi chuoni kuanzia Januari. Kibali changu cha kukaa huku kinategemea kazi hiyo. Tangu siku ile sijakuandikia wala kulijibu swali lako. Haikuwa shughuli nyingi, kama nilivyomdanganya maman kwenye simu. Ilikuwa aibu. Sifa ile ungenipa kwa moyo wako wote kama ningekuomba, mimi nikakuibia.

Kesho saa nne asubuhi nitamwona profesa nimwambie kwamba kosa lilionwa na baba yangu, mwalimu Banza wa Likasi. Huenda kazi ikaondoka, na kibali nacho. Naogopa, Papa. Ndiyo maana barua hii naitia posta leo: ikishakwenda, siwezi tena kurudi nyuma.

Nisalimie maman, na uwaombe wa kanisani waniweke katika sala bila kuwaambia sababu. Graciella, ukifika hapa, mshike Papa mkono kwa niaba yangu, kisha uniandikie amesema nini. Hata kama hakusema kitu, niandikie.

Mwanao,
Hénock Banza